Kamera Kubwa Hupiga Hodi

Ndugu msikilizaji, juma hili tuyaweke kando mambo ya bei na siasa, tuzungumze habari ya kijana aliyenunua kamera.

Kijana huyu simtaji jina, kwa sababu wako wengi. Amedunduliza fedha mwaka mzima, akapata kamera ya mtumba, nyeusi, nzito, yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai. Kuitumia bado hajui. Kamera ina vifungo vingi, naye amekijua kimoja tu, kile cha kupigia picha. Jumamosi asubuhi anaining'iniza shingoni, anashuka Kariakoo kwenda kujifunza. Kabla hajapiga hata picha moja, mambo yameanza. Mama muuza nyanya anajifunika uso kwa khanga. Mpiga debe anamwita mwandishi wa habari na kumtaka aupige picha mtaro uliojaa taka, ili wakubwa wauone. Mzee mmoja anamuuliza picha hizo anawauzia Wazungu kwa shilingi ngapi. Mwisho anatokea mlinzi wa jengo, anadai kibali. Na wakati mlinzi anadai kibali, wapita njia wamesimama nyuma yake wakilichukua tukio zima kwa simu zao, wala hakuna anayewauliza neno.

Hapo pana jambo la kufikiri. Mwanagenzi, ambaye picha zake nyingi zitatoka zimetikisika au zina giza, ndiye anayeshukiwa. Wenye simu, ambao picha zao zitakuwa zimezunguka dunia kabla jua halijatua, hawashukiwi. Tunaogopa nini hasa? Tunaiogopa kamera, tunamwogopa mtu, au tunaogopa kitu kingine ambacho hatujakipa jina?

Jibu liko katika historia, na historia ya jambo hili ina kioja chake. Ulikuwapo wakati ambapo mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kamera kubwa ndiyo iliyoheshimiwa, na kamera ndogo ndiyo iliyowatia watu hofu na hasira. Tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua.

Mwaka 1839, mjini Paris, Ufaransa iliutangazia ulimwengu uvumbuzi wa bwana mmoja aitwaye Louis Daguerre, aliyeweza kuinasa sura ya kitu kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao. Mwaka mmoja nyuma, 1838, Daguerre alikuwa ameielekeza kamera yake barabarani, katika mtaa uitwao Boulevard du Temple. Ulikuwa mtaa wenye pilikapilika za magari ya farasi na watu. Lakini ukiitazama picha hiyo leo utadhani mji umehamwa. Kamera za wakati ule zilihitaji dakika kadhaa kuinasa picha moja, na kila aliyekuwa akitembea alipita bila kuacha alama. Aliyeonekana vizuri ni mtu mmoja tu, bwana aliyekuwa amesimama pembeni mwa barabara akipigiwa viatu rangi. Kwa kuwa alitulia, akanaswa. Huyo ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kuonekana katika picha iliyopigwa mtaani. Hakuna aliyemuuliza jina, na hadi leo halijulikani kwa hakika.

Kwa miaka hamsini hivi baada ya hapo, kupiga picha kulikuwa kazi ya watu wachache, tena kazi ya kubeba mizigo. Mpiga picha alikuwa na sanduku kubwa juu ya stendi ya miguu mitatu, na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Kuanzia mwaka 1851, ulipoingia utaratibu wa kutumia mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa mbichi, ilimbidi hata asafiri na hema la giza, kwa sababu bamba lilitakiwa lipakwe, lipigwe na lisafishwe kabla dawa haijakauka. Mtu wa namna hiyo hawezi kukuvizia. Akifika mtaani, mtaa mzima unajua. Asiyetaka kupigwa picha ataondoka zake, na anayetaka atakwenda kubadili nguo na kuchana nywele. Kwa maneno mengine, ndugu msikilizaji, ukubwa wa kamera ulikuwa ndiyo hodi yake. Ilibisha mlangoni kabla ya kuingia.

Lakini haki ya Mungu lazima tuseme kwamba hodi ni nusu tu ya uungwana. Nusu ya pili ni kusubiri kuitikiwa karibu. Hapa kwetu pwani, wapiga picha waliingia mapema. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, alikuwa na studio yake mjini Unguja, na wengine wakafuata. Waliokwenda studio kwa miguu yao, wakavaa vizuri, wakalipa na kuondoka na picha zao, hao waliitikia karibu. Lakini kulikuwa na biashara nyingine pia, ya kadi za posta. Wachukuzi, wanawake, watoto na wavuvi walipigwa picha, zikachapwa kwenye kadi na kuuzwa kwa wageni. Chini ya picha hizo mara nyingi hukuti jina la mtu. Unakuta kabila lake, au kazi yake, au neno la jumla tu. Wageni walituma kadi hizo makwao, na aliyepigwa hakupata kuiona sura yake. Mzee wa Kariakoo anapouliza picha zinauzwa shilingi ngapi kwa Wazungu, haulizi upuuzi. Swali lake lina miaka zaidi ya mia moja.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, maana huko ndiko alikozaliwa huyu mwanagenzi wetu.

Mwaka 1888, bwana George Eastman wa mji wa Rochester, katika jimbo la New York, alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak. Ilikuwa sanduku dogo la kushika mkononi, bei yake dola 25, na ndani yake mlikuwa na filamu ya kutosha picha 100. Mnunuzi hakuhitaji kujua chochote kuhusu dawa wala chumba cha giza. Alipiga picha zake zote, akaipeleka kamera nzima kiwandani Rochester pamoja na dola 10, na akarudishiwa picha zilizosafishwa na kamera yenye filamu mpya. Dola 25 hazikuwa fedha ndogo, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Na mwaka 1900 kampuni hiyo hiyo ikatoa kamera ya Brownie kwa dola moja tu, ambayo hata watoto waliweza kuimiliki. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 100,000.

Kwa mara ya kwanza katika historia, mitaa ilijaa watu wenye kamera wasiokuwa wapiga picha. Walikuwa wakijifunza, kama kijana wetu. Walipiga picha pwani, mbugani, kwenye treni na mbele ya makanisa. Na watu wakakasirika. Magazeti ya Marekani na Uingereza yaliwaandika wanagenzi hawa kama balaa jipya la mjini, watu wasio na adabu wanaoweza kukunasa ukiwa unapiga miayo au umeteleza matopeni. Angalia kilichobadilika. Yule mtu wa sanduku kubwa na kitambaa cheusi hakumkera mtu. Aliyekera ni huyu wa kisanduku kidogo, kwa sababu alikuwa ameshapiga kabla hujatambua.

Wafanyabiashara wakaona fursa, wakaenda mbali zaidi. Zikatengenezwa kamera zilizoitwa za kipelelezi, za kufichwa ndani ya nguo na vitu vya kawaida. Mojawapo ilikuwa kamera ya Stirn, kutoka Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1886. Ilikuwa bapa na duara kama sahani, ikivaliwa chini ya kizibao, na lenzi yake ikichungulia kupitia tundu la kifungo.

Kamera hiyo ilimfikia kijana mmoja wa Norway aitwaye Carl Størmer, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Oslo, mji ambao wakati huo ukiitwa Kristiania. Kati ya mwaka 1893 na 1897, Størmer alitembea katika mtaa mkuu wa Karl Johan na kupiga picha zipatazo 500 za watu wasiokuwa na habari. Mmoja wao alikuwa Henrik Ibsen, mwandishi mashuhuri wa michezo ya kuigiza. Størmer mwenyewe alisimulia uzeeni jinsi alivyofanya. Alimwendea mtu, akamsalimu kwa adabu, na yule mtu alipoitikia salamu kwa tabasamu au kwa kuinua kofia, yeye akavuta kamba iliyofichwa. Ndiyo maana watu wengi katika picha zake wana nyuso za bashasha. Walikuwa wanaitikia salamu.

Hebu tulipime jambo hilo. Picha za Størmer ni nzuri kweli, na leo zinatufaa kuona watu wa karne ile walivyotembea na kuvaa. Wala yeye hakuwa mhalifu. Baadaye alikuja kuwa profesa mkubwa wa hisabati na mtaalamu wa mianga ya angani ya nchi za kaskazini. Lakini salamu, kitu ambacho kwetu sisi ni mlango wa utu, aliigeuza kuwa mtego. Hakupiga hodi. Alipitia dirishani, tena akiwa anatabasamu.

Hofu hiyo ndiyo iliyozaa sheria. Tarehe 15 Desemba 1890, wanasheria wawili wa mji wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Harvard makala kuhusu haki ya faragha. Miongoni mwa mambo yaliyowasukuma, waliyataja waziwazi magazeti ya umbea na hizo picha za kupiga papo kwa papo. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu ana haki ya kuachwa na maisha yake. Brandeis alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1916, na makala yale hadi leo yanasomwa na wanafunzi wa sheria duniani kote.

Lakini makala si sheria. Mwaka 1902 msichana mmoja, Abigail Roberson, alifikisha shauri lake katika mahakama ya rufaa ya jimbo la New York. Picha yake ilikuwa imechapwa kwenye mabango yapatayo 25,000 ya kutangaza unga wa ngano, bila yeye kuombwa ruhusa. Aliyaona mabango hayo yamebandikwa madukani na mahali pengine pa hadhara, akaugua kwa fedheha. Majaji wanne walimkatalia, watatu wakawa upande wake, akashindwa. Wananchi walighadhibika, na mwaka uliofuata, 1903, bunge la jimbo likatunga sheria ya kukataza kuitumia sura ya mtu katika matangazo au biashara bila idhini yake ya maandishi.

Hapa, msikilizaji, tumeanza kuliona jibu la swali letu. Malalamiko ya Abigail Roberson hayakuwa juu ya ukubwa wa kamera, wala juu ya kutazamwa. Kutazamwa kila mtu hutazamwa akitoka nje. Lililomuumiza ni kwamba picha ilikwenda mahali asipopajua, ikamfanyia kazi mtu asiyemjua, na yeye mwenye sura hakuulizwa. Watu hawaogopi picha kupigwa kama wanavyoogopa isikojulikana inakokwenda.

Karne ya 20 iliyageuza mambo kwa namna nyingine. Mwaka 1925, katika maonesho ya biashara ya Leipzig, Ujerumani, ilianza kuuzwa kamera ya Leica iliyobuniwa na Oskar Barnack, ndogo na nyepesi lakini yenye uwezo wa kazi nzito. Wapiga picha mahiri wakaipenda kwa sababu iliwawezesha kupotea katika umati. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliifunika kwa rangi nyeusi sehemu za Leica yake zilizong'aa, ili isiwashtue watu. Mmarekani Walker Evans, kati ya mwaka 1938 na 1941, aliificha kamera ndani ya koti na kuwapiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi za New York. Ila Evans hakuzitoa picha hizo katika kitabu hadi mwaka 1966, ikiwa imepita robo karne. Hata bingwa alijua kwamba kupiga ni jambo moja, na kutangaza ni jingine.

Wakati huo huo, kamera kubwa, ile iliyokuwa ishara ya heshima studio, ikaanza kuwa ishara ya kitu kingine. Ikawa alama ya mwandishi wa habari, na kwa wenye madaraka ikawa alama ya mpelelezi.

Kwa hili hatuna haja ya kwenda mbali. Tunaye Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na alianza kama mwanagenzi yeyote, mtoto wa shule aliyejipatia kamera ya mtumba ya Box Brownie. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20 tu, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapo hapo Dar es Salaam. Mwaka 1964 alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar na kukaa gerezani kwa karibu mwezi mmoja, kwa sababu kamera yake ilikuwa imeona mambo ambayo wakubwa hawakutaka yaonekane. Akahamia Nairobi. Huko, Julai 1969, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufika na kamera mahali alipopigwa risasi Tom Mboya. Na mwezi Oktoba 1984, picha zake za njaa kutoka Korem, Ethiopia, zilipooneshwa na televisheni ya BBC pamoja na maelezo ya Michael Buerk, dunia iliamka na misaada ikaanza kumiminika. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Aliendelea na kazi kwa mkono wa bandia, hadi alipofariki katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Visiwa vya Comoro, tarehe 23 Novemba 1996.

Namtaja Mohamed Amin kwa sababu maisha yake yanaonesha pande zote mbili. Kamera iliyompeleka gerezani ndiyo iliyowaokoa watu na njaa. Na yote yalianza na mtoto wa shule katika mitaa ya Dar es Salaam, ambaye asingefika popote kama angefukuzwa kila aliposimama.

Hofu ya wenye madaraka haikuwa yetu peke yetu. Ni kweli kwamba nchi zetu, zilipopata uhuru na kuzungukwa na vita vya ukombozi, ziliweka mabango ya kukataza picha kwenye kambi, madaraja na viwanja vya ndege, na kwa wakati ule zilikuwa na sababu. Lakini hebu tuitazame London. Tarehe 9 Septemba 2003, nje ya maonesho ya silaha katika jumba la ExCeL, polisi walimsimamisha mwandishi wa habari Pennie Quinton, aliyekwenda kurekodi waandamanaji. Walimpekua na kumwamuru aache kurekodi, ingawa alionesha kitambulisho chake cha kazi. Siku hiyo hiyo walimpekua pia Kevin Gillan, mwanafunzi aliyekwenda kuandamana. Polisi walitumia sheria ya ugaidi ya mwaka 2000, iliyowaruhusu kumpekua mtu yeyote hata kama hapakuwa na sababu ya kumshuku. Katika miaka iliyofuata, wapiga picha wengi wa ridhaa nchini Uingereza, watu waliotaka tu kupiga majengo na machweo, walisimamishwa kwa sheria hiyo kwa sababu walibeba kamera kubwa.

Quinton na Gillan walikwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Tarehe 12 Januari 2010 mahakama ikaamua kwamba upekuzi wa namna ile ulivunja haki ya mtu ya maisha yake binafsi. Siku chache baadaye, Januari 23, wapiga picha wakajaa katika uwanja wa Trafalgar, kila mmoja na kamera yake, kusema kwamba wao si magaidi. Mwezi Julai mwaka huo Serikali ya Uingereza ikatangaza kusitisha mamlaka hayo. Angalia mzunguko wa mambo: haki ya faragha, iliyodaiwa mwaka 1890 ili kumkinga raia na mwenye kamera, mwaka 2010 ilimkinga mwenye kamera na dola.

Na wakati wakubwa wanahangaika na kamera kubwa, Kodak ya pili ilikuwa imekwisha ingia kimya kimya. Mwaka 2000, nchini Japani, iliuzwa simu ya mkononi ya Sharp iliyokuwa na kamera ndani yake. Leo kila mfuko una kamera. Ile kamera ya kipelelezi iliyofichwa chini ya kizibao imerudi, ila sasa haihitaji kufichwa, kwa maana mtu aliyeshika simu anaweza kuwa anasoma ujumbe, anaangalia saa au anakupiga picha. Haina hodi kabisa.

Madhara tumeyaona. Wagonjwa wamepigwa picha wakiwa kitandani, maiti za ajali zimesambazwa kabla ndugu hawajapewa habari, na wasichana wameabishwa kwa picha zilizopigwa kwenye sherehe. Sheria zimeanza kulifuata jambo hili. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Septemba 2023, mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuiweka picha ya mteja kwenye mtandao bila idhini yake. Hilo ni shauri lile lile la Abigail Roberson na mabango ya unga. Lakini safari hii aliyelalamika alishinda.

Sasa, ndugu msikilizaji, turudi kwenye fundisho. Nani aliwahi kupiga picha hadharani Afrika Mashariki na akapendwa? Wapo, tena tunawafahamu. Ni wale wapiga picha wa mitaani wa zama za filamu. Katika miaka ya 1990, pale kivukoni Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vyao vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu, na abiria wa kivuko walisimama hapo wakiwa wamejipamba. Wengine walizunguka bustanini na kwenye sherehe za Idi na Krismasi, kamera shingoni. Kamera hizo zilikuwa kubwa, zinaonekana kutoka mbali, na hakuna aliyezikimbia. Watoto walizifuata.

Siri yao ilikuwa nini? Kila mtu alijua picha inakwenda wapi. Mpiga picha aliuliza kwanza, ukakaa pozi, ukatoa kianzio, na baada ya siku kadhaa picha ikakurudia mkononi, iliyosafishwa, yenye sura yako. Wapo waliotokomea na kianzio, hilo hatulisahau. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa wa haki. Picha ilianza kwa aliyepigwa na ikaishia kwa aliyepigwa.

Kwa hiyo nina maneno kwa watu watatu.

La kwanza ni kwa mwanagenzi. Usiione haya kamera yako kubwa, wala usitamani kuificha ndani ya koti. Ukubwa wake ni amana. Unakupigia hodi kabla hujafungua mdomo. Wewe kamilisha tu uungwana. Salimia, sema jina lako, sema kweli kwamba unajifunza. Kuuliza si ujinga, na maneno hayo mawili, ninajifunza, huondoa wasiwasi mwingi kuliko kibali chenye mihuri. Mwenye kujifunika khanga amejibu tayari, mwache. Aliyekubali, mwoneshe picha yake papo hapo, na ukiweza mpelekee nakala. Utakaporudi mtaa huo mara ya pili hutaitwa mwandishi wala mpelelezi. Utaitwa kwa jina lako. Na penye bango la kukataza, tii.

La pili ni kwa mlinzi na kwa bosi wake. Kazi yako ni kulinda, nayo ni kazi ya heshima. Lakini jasusi wa leo hatakuja na lenzi ndefu kama chupa ya chai akasimama katikati ya barabara adhuhuri. Anayesimama hivyo ana kila dalili ya mtu asiye na cha kuficha. Kama eneo ni la siri, weka bango linalosomeka. Kama si la siri, kijana yuko barabarani, na barabara ni ya umma.

La tatu ni kwetu sote wenye simu. Tumezoea kumtolea macho mwenye kamera kubwa huku sisi tukipiga bila salamu. Kabla ya kuituma picha ya mwenzako, jiulize alichouliza mzee wa Kariakoo: inakwenda wapi, na nani atafaidika?

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Sura za miji yetu ya zamani, nyingi tumeachiwa na wageni waliopita na kamera zao, na ndiyo maana katika picha hizo tunayaona majengo na makabila, lakini majina ya watu hatuyapati. Wanaoweza kuijaza pengo hiyo kwa siku zetu hizi ni hawa vijana wanaoijua mitaa na kuisema lugha yake. Kijana akifukuzwa mara kumi, mara ya kumi na moja ataiuza kamera yake. Na mtaa wake utakuwa umepoteza mtu ambaye angeweza kuupiga picha na kuyaandika majina ya watu wake chini yake.

Uungwana ni vitendo. Mwenye kamera apige hodi, na sisi tujifunze kuitikia, awe ni karibu au hapana. Yote mawili ni majibu ya haki. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo.